Mashimo Manne Miguuni pa Wafu

Sura ya Saba

"Nguruwe pori," sherifu alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga jalada na sasa anatafuta kofia yake. "Andika nguruwe pori, Odilia, tuishie hapo."

Mpelelezi Odilia Barrientos alikuwa amepiga goti kwenye nyasi za makaburi ya wanajeshi wastaafu ya Kaunti ya Quintana. Simu ilikuwa imebanwa begani, na taco ya mayai na soseji ya choriso ilikuwa ikimdondoshea mafuta kwenye daftari. Mbele yake, chini ya jiwe jeupe, palikuwa na pande la nyasi la mraba, ukubwa wa sinia. Lilikuwa limekatwa, likainuliwa, kisha likarudishwa mahali pake. Ukipita umesimama hulioni. Ukipiga goti unaliona, maana nyasi zake zimelalia upande usio wa wenzake.

"Bosi, nguruwe pori akipita shamba la mjomba wangu huacha kama palipigwa mabomu. Huyu wa hapa amechimba, amefukia, ameshindilia, amerudisha nyasi, halafu akazimwagilia maji. Kama ni nguruwe, tumwajiri."

"Sasa unataka nini?"

"Kuchimba."

"Kaburi la mwanajeshi? Jumatatu wakaguzi wa jimbo wanakuja, na wewe—"

"Simu inakatikakatika, bosi," alisema Odilia, akaikata.

Aliyesimama nyuma yake hakucheka. Gaylon Fricke, msimamizi wa makaburi, alikuwa mtu mrefu, mkavu, ambaye hufunga tai hata Agosti ya Texas, na asubuhi ile tai ilikuwa imemkaba kuliko siku zote. Mawe meupe yalijipanga mstari kwa mstari hadi kwenye mialoni, yote kimo kimoja, yote yametazama upande mmoja. Upepo haukuwepo. Bendera ilining'inia mlingotini kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Hili ni la nne," Fricke alisema. "Aprili, Juni, mwezi uliopita, na sasa hili. Wajane wananipigia simu. Mmoja ameniuliza kama mumewe bado yumo. Nimjibu nini, afande?"

"Mwambie wanaume hawaondoki kirahisi hivyo. Hili lilichimbwa lini?"

"Juzi mchana halikuwepo. Nilipita mwenyewe na daftari."

Odilia akaingiza kidole kwenye mpasuko. Pembeni udongo ulikuwa umekauka, katikati bado una unyevu. "Jana jioni, mlipofunga. Mtu wenu, Bwana Fricke. Mgeni hajui mnafunga saa ngapi, wala bomba la maji liko wapi."

Kwa siku mbili alikuwa na nadharia, na ilikuwa nadharia nzuri, ya kuvaa Jumapili. Makaburi matatu ya kwanza yalikuwa ya Koplo Delbert Haas, Koplo Wade Pettus na Sajini Ysidro Luna. Majalada yao yalilingana kwa jambo moja tu: wote watatu vitani walikuwa waongoza mbwa, wale wanaotangulia mbele ya kikosi wakiwa na kamba mkononi, mbwa akinusa mabomu ya ardhini. Basi alikuwepo mtu mwenye kisasi na watu wa mbwa. Ilikuwa imebaki kujua kisasi gani.

Asubuhi hii jiwe la nne likamtemea mate nadharia yake. EUNICE M., liliandikwa, MKE WA L. R. TOLLIVER. Alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Hakuwahi kushika kamba ya mbwa, ila labda wa jirani.

"Mumewe namjua," Fricke alisema. "Leland Tolliver, mpiga tarumbeta wetu. Hajakosa mazishi hata moja. Mtu wa heshima sana."

"Aliwahi kuwa na mbwa jeshini?"

"Faili linasema polisi wa jeshi. Basi. Nitamwambia nini, afande? Kwamba mkewe naye…"

"Usimwambie kitu bado. Nipeleke stoo."

* * *

Stoo ilikuwa nyuma ya mialoni, banda la bati lililokuwa na joto la tanuri. Chuy Arredondo, mtunza bustani, alikuwa ameketi juu ya mfuko wa mbolea akinywa soda nyekundu, na alipomwona Odilia alitikisa kichwa kama mtu anayeona mvua ikija na nguo ziko nje.

"Comadre," alisema, jina la kumwita mama wa ubatizo wa mtoto wako. "Nilijua zamu yangu itafika."

"Usiniite comadre nikiwa kazini, Chuy. Niite afande mpaka saa kumi na moja." Odilia alikuwa ameshasimama mbele ya ukuta wa zana. Reki zilikuwa na matope. Sepetu zilikuwa na matope. Kisu kipana cha kukatia nyasi, chenye mpini wa mti, kilikuwa kimepanguswa na kupakwa mafuta kama bunduki ya gwaride. "Hiki kinaonekana kina mama yake. Vingine yatima."

"Nakitunza."

"Nimekujua miaka ishirini, pikapu yako haijaoshwa tangu uinunue. Nani alikitumia jana?"

"Sijui."

"Kufuli limevunjwa?"

"Hapana."

"Basi ni mwenye ufunguo. Wangapi?"

Chuy akanywa soda kwa muda mrefu kuliko ilivyobaki ndani ya chupa. Fricke ndiye aliyejibu. "Mimi, yeye, na wale wazee wa kikosi cha heshima. Wanaweka bendera na bunduki zao za gwaride humu. Wazee saba."

Odilia akageuka. Upande wa pili wa stoo palikuwa na kabati la bendera, na juu yake misumari saba kwenye ubao. Kwenye sita vilitundikwa vikombe vya kahawa, vizito, vya kila aina: kimoja cha timu ya mpira, kimoja kimevunjika mkono. Msumari wa saba ulikuwa mtupu, na chini yake mbao zilikuwa na duara la kahawa la miaka mingi.

Akaandika: *Saba. Vikombe sita.*

"Chuy," alisema, "chukua sepetu. Ndogo."

"Huwezi!" Fricke alisimama mlangoni, mikono imepanuliwa. "Hakuna kinachotolewa kaburini bila amri ya jaji. Sheria haina mlango wa nyuma, afande. Hata mimi msimamizi siwezi."

"Simtoi Bi. Eunice. Yeye yuko mbali huko chini, amepumzika na watoto wa shule. Nachungulia shimo la jana."

"Ni kaburi."

"Basi nitachungulia kwa adabu."

Fricke akamfuata akiwa ameshika tai. Chuy akawafuata wote wawili akiwa na sepetu, taratibu, kama anayekwenda kung'olewa jino.

* * *

Njiani Odilia alipita nyuma ya mawe badala ya mbele, kwa sababu kivuli kilikuwa upande huo. Hivyo ndivyo alivyoona. Mgongo wa jiwe la Haas ulikuwa na maandishi: jina la mkewe, na mwaka. Mgongo wa Pettus vilevile. Mgongo wa jiwe la Eunice Tolliver ulikuwa mweupe, laini, hauna hata nukta.

"Bwana Fricke. Mbona huyu nyuma hana kitu?"

"Ni nafasi ya mume. Mke akitangulia tunamzika chini zaidi, mume akija tunamweka juu yake. Kaburi moja, jiwe moja, pande mbili."

Odilia akasimama pale pale, jua likimpiga utosini.

"Kwa hiyo hili si kaburi la mpishi."

"Ni la mpishi."

"Ni kaburi la Tolliver. Ila Tolliver bado hajafika."

 Ndege weusi wa mkia mrefu walikuwa wakipiga kelele kwenye mialoni, kisha wote kwa pamoja wakanyamaza. Chuy akapiga ishara ya msalaba kwa mkono ulioshika sepetu, nusura ajikate sikio.

"Chimba," Odilia alisema.

Haikuchukua dakika tano. Nyasi zilitoka kipande kizima, udongo ulikuwa laini, na kwenye kina cha mkono hadi kiwiko sepetu ikagonga chuma. Odilia akalala kifudifudi, akafagia kwa vidole. Bakuli la chuma, la kulia mbwa, limefudikizwa mdomo chini. Akalipiga picha, akaliinua. Chini yake mkebe wa kahawa uliopakwa rangi ya kijani ya jeshi, kifuniko kimezibwa kwa nta, na kibati kimefungwa kwa waya.

"SAJINITAJI BASKO," alisoma. "R 417."

"Sina Sajinitaji Basko," Fricke alisema, akipekua daftari lake kwa haraka ya kutisha. "Hakuna Basko aliyezikwa hapa. Nani kamzika mwanajeshi bila fomu?"

Hapo Chuy akacheka, kicheko kifupi, cha pua. "Bosi, huyo ana miguu minne, na humo ni majivu yake. Hiyo R na namba huchorwa ndani ya sikio, kule San Antonio wanakofundishwa."

"Mbwa ana cheo?"

"Siku zote mbwa huwa cheo kimoja juu ya anayemshika. Ndiyo desturi yao. Ukimpiga mbwa wako teke, umempiga mkubwa wako. Mimi nilikuwa jikoni jeshini, nimewaona wenyewe: mtu mzima anamwambia mbwa 'ndiyo, afande'."

"Mbwa sajinitaji," Odilia alisema, "basi aliyemshika ni sajini. Tolliver ana cheo gani?"

Fricke akatazama daftari. "Sajini."

"Na faili lako linasema polisi wa jeshi. Mbwa wengi wa jeshi hulala kwa polisi wa jeshi, Bwana Fricke. Karani wenu aliandika idara, hakuandika kazi." Akamgeukia Chuy. "Na yale matatu mengine yana mikebe kama hii. Usiangalie sepetu, niangalie mimi."

"Yanayo," Chuy alisema. "La kwanza nililifungua mwenyewe, niliogopa ni uchawi. Bakuli na mkebe. Nikafunika. Mzee Tolliver akaniambia alikuwa amewaahidi wenzake: atakayebaki wa mwisho atawaletea mbwa wao miguuni. Mbwa wa Luna alikufa mwezi uliopita. Alimlea hadi mwisho. Unadhani ningemripoti mtu kwa hilo? Nitie pingu."

"Na bakuli kwa nini linafudikizwa?"

"Mbwa akifa, wanatundika kamba yake kwenye banda, na bakuli wanalifudikiza. Maana yake hatakula tena."

Kesi ilikuwa imeisha. Hakukuwa na kisasi, hakukuwa na mwizi. Palikuwa na mzee, mikebe minne, na sheria isiyotaka mnyama katika ardhi ya wanajeshi. Odilia angeweza kuinuka, kupangusa magoti na kumpigia sherifu. Alikuwa hata ameanza kuurudisha mkebe, ndipo mkono wake ukagusa kitu kingine pembeni ya shimo, kimefungwa kwenye kitambaa.

Akakitoa. Kitambaa kilikuwa leso ya kijeshi iliyopigwa pasi. Ndani yake, kikombe cha kahawa, cheupe, kizito, kilichokuwa kimelazwa shimoni mdomo chini, sambamba na bakuli.

Chuy aliacha kucheka kabisa.

"Kwenye yale mengine," Odilia aliuliza polepole, "kulikuwa na kikombe?"

"Hapana."

"Kwa Haas?"

"Nimesema hapana, comadre. Bakuli na mkebe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hicho ni cha mzee. Miaka tisa anakitundika pale stoo. Haruhusu mtu akioshe."

Bakuli mdomo chini, maana yake mbwa hatakula tena. Odilia alikitazama kikombe. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

"Bwana Fricke," alisema akiinuka, "mara ya mwisho kuzungumza na Tolliver ni lini? Na usiniambie habari za tarumbeta."

Fricke alikuwa mweupe kama mawe yake. "Jumanne. Niliwakusanya wote. Niliwaambia wakaguzi wanakuja, na chochote kisichoruhusiwa humu ardhini kitaondolewa. Nilikuwa nasema maua ya plastiki, afande! Naapa, nilikuwa nasema maua ya plastiki."

"Na kabla ya hapo?"

"Aliandika ombi. Mbwa wake azikwe naye, wakati wake ukifika. Nikakataa, sheria ndivyo ilivyo. Akaandika tena, nikakataa tena." Akatoa simu yake, akatafuta. "Mara ya pili alirudisha barua yangu. Aliandika kwa mkono chini ya saini."

Akamwonyesha picha. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kwa rula: *Asante, Bwana Fricke. Nitarudi na hoja ambayo hamtaweza kuikataa.*

"Nilidhani wakili," Fricke alisema.

Odilia alikuwa ameshakimbia nusu ya njia kuelekea kwenye gari, kikombe mkononi. "Chuy!" alipaza sauti bila kugeuka. "Mfukie sajinitaji! Na hakikisha nyasi zinalala upande mmoja!"

* * *

Ilikuwa maili kumi na mbili hadi nyumbani kwa Tolliver, na Fricke alikuwa ameingia kiti cha pembeni. Fricke alipiga simu ya Tolliver mara mbili, kisha akaweka sauti ili Odilia asikie. Mwanamke wa mashine alisema namba hiyo haitumiki tena.

"Labda amebadilisha," Fricke alisema.

"Ndiyo. Labda."

Odilia aliita gari la wagonjwa kwenye redio, akaagiza lisimame barabarani na lisipige king'ora. Njia ya changarawe ilipita kati ya nyaya na vichaka vya miiba vya mesikiti, ikaishia kwenye nyumba ya mbao ya bluu. Nyasi zilikuwa zimefyekwa upya. Sanduku la barua lilikuwa limefunguliwa, tupu, na jina limebanduliwa, yakabaki matundu manne ya misumari.

"Kaa nyuma yangu," Odilia alisema. "Usiguse kitu, na usiseme kitu. Hasa usiseme kitu."

Mlango haukufungwa. Ndani palinukia sabuni. Friji lilikuwa limechomolewa, mlango wake umeachwa wazi kwa kijiti ili lisiote ukungu, na ndani halina hata chembe. Kitanda kimetandikwa kijeshi. Kwenye mlango wa kabati palikuwa na hanga tupu na mfuko wa dobi, ule wa kuvalishia suti, umekunjwa vizuri sakafuni. Mtu alikuwa amevaa nguo zake za gwaride. Mezani, juu ya taulo, tarumbeta iling'aa, na pembeni yake bahasha: *Bw. G. Fricke.*

Fricke alimtazama. Odilia akatikisa kichwa kukubali. Barua ilikuwa na mistari michache, akaisoma kwa kunong'ona.

"'Mkifungua kaburi langu mtamkuta Basko kabla ya Eunice. Msimtoe. Niwekeni juu yao. Hai nilikuwa fomu, na fomu mnazikataa. Hili sasa ni ombi la marehemu. Tarumbeta apewe atakayenipigia.'" Akainua kichwa. "Marehemu yupi? Huyu si…"

Macho yake yakaenda kwenye tarumbeta.

Droo ya chini ya meza ilikuwa imevutwa. Ndani yake boksi la mbao lenye shimo la sifongo, umbo la bastola, na bastola haipo. Odilia alifungua kifungo cha mkoba wa bastola yake kiunoni, akafikiri, akakifunga tena. Akachukua kikombe.

Mlango wa nyuma ulikuwa na wavu. Kupitia wavu aliona banda la mbwa: nyaya, paa la bati, kamba ya ngozi na mkanda wa shingoni vimetundikwa mlangoni. Ndani, kwenye ubao wa kulalia mbwa, mzee mweusi mwenye mvi, aliyevaa nguo za gwaride zenye medali, alikuwa amekaa wima akiwapa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa pajani, na jua liling'aa juu ya kitu alichokishika.

Odilia alishuka ngazi akihakikisha kila kidato kinalia. Akavuta ndoo, akaifudikiza, akaikalia, mita nne kutoka kwenye wavu wa banda.

"Sajini Tolliver. Ni Barrientos, wa ofisi ya sherifu."

"Rudi nyumbani, binti." Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha.

"Nitarudi. Magoti yananiuma. Tangu asubuhi nimeyapiga kwa ajili ya kazi yako."

"Umelifungua."

"Nimelifungua."

"Umemtoa?"

"Yuko pale pale. Chuy anamlinda kwa sepetu. Namhurumia mkaguzi."

"Jumatatu watamtoa," Tolliver alisema. "Atawekwa kwenye mfuko wa taka. Alinusa mabomu sitini na moja, binti. Sitini na moja. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake tu. Nikiwa hai, naandika karatasi. Nikiwa kwenye sanduku wote watasimama kofia mkononi, na hakuna atakayethubutu. Nimepiga tarumbeta pale miaka tisa. Najua wanavyowasikiliza wafu."

"Nina swali la kikazi," Odilia alisema. "Moja tu, kisha nafunga daftari."

"Uliza."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Ruhusa gani?"

"Ya kuondoka kituoni. Wewe sajini, mkubwa wako sajinitaji. Karatasi yake iko wapi? Mimi sikuiona ndani ya mkebe."

Mabega ya mzee yalitikisika kidogo, na Odilia hakuweza kujua kama ni kicheko. "Unanichezea."

"Nakuchezea, ndiyo. Nikikuzungumzia kama kasisi utaniona mwongo. Haya, la pili, nilidanganya, yako mawili. Haas, Pettus na Luna uliwaahidi nini?"

"Kuwaletea mbwa wao."

"Na kisha?"

"Na kuhakikisha hawasumbuliwi."

"Jumatatu asubuhi, mkaguzi akiingia na fimbo yake ya kutoboa ardhi, nani atakuwa amesimama pale? Kifo chako kitamlinda Basko peke yake. Wale watatu wako kina cha mkono, chini ya nyasi, na walinzi wao wote wamekufa ila mmoja. Huyo mmoja amevaa medali amekaa bandani."

Bastola ilisogea pajani.  Nyuma yake wavu wa mlango ulilia, na Gaylon Fricke, aliyeambiwa asiseme kitu, alikuwa anashuka ngazi, barua mkononi, tai imelegea.

"Bwana Tolliver," alisema, "nilikataa mbwa wasiingie."

"Fricke, nyamaza," Odilia alisema huku ameuma meno.

"Nilikataa wasiingie. Mara mbili nimesaini. Lakini wameshaingia." Alikuwa anazungumza kama anayesoma kifungu, na jasho lilikuwa linamtiririka. "Na hakuna kinachotolewa kaburini bila amri ya jaji. Chochote. Sheria haisemi mtu, inasema chochote kilichozikwa. Mkaguzi akitaka mkebe, aende mahakamani, ajaze fomu. Na hiyo fomu, Bwana Tolliver, haipo. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba. Kuna fomu ya kumkataa mbwa mlangoni. Ya kumtoa mbwa haipo. Nami sitaitengeneza."

Bati la paa lililia likitanuka kwa joto.

"Ungesema hivyo Jumanne," Tolliver alisema.

"Jumanne nilikuwa nasema maua ya plastiki."

Mzee akageuza kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama Fricke, tai yake, barua yake mkononi. Kisha akainama, akaiweka bastola kwenye saruji na kuisukuma kwa ncha ya kiatu kilichong'arishwa, ikapita chini ya wavu mpaka miguuni pa Odilia. Odilia akaitoa risasi, akaziweka mfuko mmoja na bastola mfuko mwingine.

"Leo hutalala peke yako," alimwambia. "Kwanza daktari atakuona, yuko hapo barabarani. Kisha wale wazee sita wanakuja. Watakula chakula chako chote. Oh, samahani, umeshakimaliza."

"Na ripoti?"

"Sherifu wangu ameshaamua ni nguruwe pori. Mimi ni nani nimbishie bosi?"

"Nguruwe," Tolliver alisema. "Basko angekasirika."

"Akawasilishe malalamiko, ana cheo."

Akasimama, magoti yakalia. Akakitoa kikombe kwenye leso na kukipitisha kwenye mlango wa banda. Kilikuwa kimechafuka kwa udongo wa makaburini hadi kwenye mkono wake.

"Hiki ni kielelezo cha kesi, lakini ni kichafu, siwezi kukisajili hivi. Kioshe. Halafu nitilie kahawa. Nyeusi, maana friji umelizima."

Tolliver alikishika kwa mikono miwili. Alitoka bandani, akapita mbele ya kamba iliyotundikwa bila kuigusa, akapanda ngazi. Odilia alimfuata hatua moja nyuma, akasimama karibu na meza huku maji yakitiririka kwenye sinki. Yalitiririka muda mrefu, muda mrefu kuliko kinavyohitaji kikombe kimoja, na Fricke alianza kufungua mdomo, Odilia akamkanyaga.

Maji yakafungwa. Mzee akakifuta kikombe kwa pindo la koti lake la gwaride, ndani kwanza, kisha nje. Akakiweka mezani, mdomo juu.